Nimepewa 2 kati ya 5 kwenye tathmini, nisaini au niache kazi?

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 4 kwenye hii kampuni na kila mwaka nilikuwa napata 3 au 4. Juzi Jumatatu bosi wangu (mpya, ana miezi 7 tu) kaniita kwenye kikao cha tathmini, dakika 20 tumemaliza, kanipa 2. Kwenye fomu kaandika "hana uthubutu", "huchelewesha kazi", "ushirikiano na timu hauridhishi". Nilinyamaza tu, nikatoka nikaenda kulia chooni. Tangu siku hiyo silali na chakula hakipiti. Fomu natakiwa niisaini Ijumaa, halafu nitawekwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji wa miezi 3. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, ipo kwenye simu. Nisaini? Niache? Na nikikutana naye kwenye lifti nafanyaje, maana hata kumwangalia siwezi.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Meseji yako nimeisoma mara mbili, na kitu cha kwanza tukubaliane ni hiyo barua. Usiitume. Wala usiifute, iache hapo hapo kwenye simu ilale, barua ya kuacha kazi haiozi, ukiitaka wiki ijayo utaikuta, ila ukiituma leo ukiwa hujalala siku mbili na hujala, kuirudisha ni shughuli nyingine kabisa. Mimi nimekaa upande wa HR (idara ya rasilimali watu) miaka mingi na hizo barua za siku ya pili baada ya tathmini nimezipokea nyingi tu, unazijua hata kabla hujazifungua, zinakuwa na mistari mitatu au kurasa nne, ya katikati hakuna. Na wengi wa walioziandika walirudi baadaye kuuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana tukachukulia haijafika.

Hiyo ya kutolala ni ya kawaida, usianze tena kujilaumu kwa hilo. Miaka minne ya sifa imefunikwa na dakika 20, na binadamu ndo tulivyoumbwa, ukisifiwa mara kumi na kukosolewa mara moja utalala unawaza ile moja. Mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake mwaka 2001 walipitia tafiti chungu nzima za mambo ya aina hii, mapenzi, hisia, kujifunza, wakakuta karibu kila mahali baya linabeba uzito kuliko zuri. Kwa hiyo usiku wa leo chukua daftari, weka dakika 20, andika yote yaliyokukaa kooni, mtukane ukitaka, karatasi haina mdomo. Nakwambia hivyo nikiwa na sababu. Mwaka 1994 James Pennebaker na wenzake waliwachukua wataalamu waliokuwa wamepunguzwa kazini, baadhi wakaandika kwa uwazi walivyoumizwa na kufukuzwa kwao, na hao ndo waliopata kazi nyingine kwa haraka kuliko wenzao ambao hawakuandika hivyo. Ila iwe karatasi jamani, isiwe kompyuta ya ofisi, na isiwe imeili ambayo jina la bosi limeshakaa pale kwa mpokeaji. Nimeshaona mtu kabonyeza kutuma kwa bahati mbaya, siku ile sitaisahau.

Sasa nikupeleke upande wa pili wa meza maana nadhani hujawahi kukaa huko.

Kuna mwaka nilikuwa na watu 11 chini yangu na fomu zote zilitakiwa kesho yake saa 3 asubuhi, mimi nimeanza kuzijaza saa 4 usiku. Fomu moja ina vipengele 9, zidisha mwenyewe. Ya kwanza niliijaza kwa heshima zote, nikarudi mpaka kwenye imeili za mwezi wa pili kutafuta mifano. Ya tatu nikaanza kunakili sentensi za ya pili. Kufika ya saba ndo zamu ya kijana mmoja ambaye wiki 3 nyuma alimtumia mteja ripoti ikiwa na jedwali la mteja mwingine, aibu tupu, na simu nilipigiwa mimi. Nikampa 2 kwenye umakini, hapo sawa, lakini mkono ukaendelea wenyewe, 2 kwenye mawasiliano, 2 kwenye ushirikiano, wakati yule kijana ndo alikuwa anakaa na kila mgeni anayeajiriwa kumfundisha mfumo mpaka anauzoea. Sikulikumbuka hilo. Saa 7 usiku huwezi kukumbuka, unachokumbuka ni sauti ya mteja kwenye simu. Kijana alisaini bila kusema neno, na mimi ule ukimya wake nikauchukua kama amekubali. Nilikuja kugundua miezi mingi baadaye nikiwa natafuta kitu kingine kwenye faili lake, nikakaa pale nimeshika ile fomu najiona mjinga.

Nilichokifanya usiku ule kinajulikana zaidi ya miaka mia. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika mwaka 1920 kuhusu maofisa wa jeshi la Marekani waliotakiwa kuwapa alama askari wao, akili peke yake, umbo peke yake, uongozi peke yake, tabia peke yake, na akaona alama zinafuatana mno kiasi kwamba haiwezekani, yaani ofisa akimpenda mtu anampandisha kote, asipompenda anamshusha kote. Na mwaka 2000 Steven Scullen na wenzake walichambua alama za mameneja zaidi ya 4,000, kila mmoja kapewa alama na watu kadhaa, wakakuta zaidi ya nusu ya tofauti za alama inatokana na yule anayetoa alama, mizani yake, macho yake, ukali wake. Kwa hiyo ukipewa 4 na bosi wa zamani na 2 na bosi mpya, inawezekana kabisa wewe ni yule yule na kilichobadilika ni mizani.

Tena kuna kitu ambacho bosi wako huenda haruhusiwi hata kukwambia. Sehemu nyingi alama haiishii kwake, wakubwa wanakaa kikao cha kusawazisha, majina yanapita mmoja mmoja, na pale bosi mwenye sauti anatetea watu wake mpaka mwisho, bosi mgeni anakaa kimya kwa sababu bado anatafuta pa kushika. Kuna kampuni zilifika mpaka kuweka sheria kwamba lazima sehemu fulani ya watu wawe chini hata kama timu nzima imefanya vizuri. Kampuni ya General Electric ya Marekani, enzi za bosi wake mkuu Jack Welch, ilisifika kwa kuwatenga asilimia 10 ya mwisho, na Microsoft walikuwa na mtindo wao wa kupanga watu kwa foleni mpaka walipouacha mwaka 2013. Kama kwenu kuna kitu kama hicho sijui, ila uliza, ni swali halali kabisa: alama zinapangwaje hapa?

Haya, sasa usichukue maneno yangu yote hayo ukayafanya mto wa kulalia. Alama inaweza kuwa ya hovyo na jambo lililo ndani yake likawa kweli. Yule kijana wangu alionewa kwenye vipengele viwili, lakini jedwali la mteja mwingine alilituma kweli.

Ndo maana tatizo langu na fomu yako sio hiyo 2. Tatizo ni yale maneno matatu. "Hana uthubutu" hilo ni jina umepewa, na jina huwezi kulirekebisha, utafanyaje, utaamka kesho uwe na uthubutu? Avraham Kluger na Angelo DeNisi mwaka 1996 walikusanya tafiti nyingi sana za mrejesho kazini na mashuleni, wakakuta kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini kwenye zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyahesabu utendaji ulishuka baada ya mtu kupewa mrejesho. Ulishuka! Na maelezo yao ni kwamba mrejesho unapovuta akili ya mtu kutoka kwenye kazi na kuipeleka kwake mwenyewe, mimi ni nani, mimi nafaa au sifai, unaharibu. Hebu jiangalie tangu Jumatatu, unawaza ripoti au unajiwaza wewe? Kazi yako ya siku hizi mbili zilizobaki ni kuyatoa yale maneno kwako na kuyarudisha kwenye kazi.

Fanya hivi leo jioni. Chukua karatasi, ikunje katikati kwa urefu. Kushoto andika yale maneno matatu kama yalivyo kwenye fomu, neno kwa neno, usiyaongezee chumvi (wengi wanayaongezea, mtu kaandikiwa "huchelewesha kazi" yeye anakumbuka "mvivu"). Kulia andika matukio, na tukio maana yake lina tarehe, lina kazi yenye jina na lina mtu mwingine aliyekuwepo. Kwa "huchelewesha kazi" fungua imeili zako uhesabu, kazi ngapi zilikuwa na dedilaini miezi hii 7, ngapi zilitoka kwa wakati, ngapi zilichelewa na kwa siku ngapi. Usikisie, hesabu. Kisha kwa kila iliyochelewa andika ilikwama wapi.

Nilifanya zoezi hili na mama mmoja aliyekuwa na maneno karibu sawa na yako. Alikuja kwangu amevimba, bosi anamwonea, hajawahi kuchelewesha kitu. Tukahesabu. Ripoti 14, zilizochelewa 5, na katika hizo 5, nne zilikuwa zinasubiri takwimu kutoka idara ile ile, kwa mtu yule yule. Akafurahi, unaona, sio mimi! Nikamwuliza, bosi wako alijua lini kwamba takwimu hazijaja? Kimya. Tukaangalia imeili, mara zote nne bosi alijua siku ya dedilaini yenyewe, saa za jioni. Sasa hapo kuchelewa hakukuwa kwake lakini ukimya ulikuwa wake, na bosi aliyekaa anasubiri hawezi kutofautisha hivyo viwili. Hilo lilirekebishika kwa meseji moja ya siku mbili kabla: "Takwimu bado, nimekumbusha leo, zisipofika kesho mchana ripoti itatoka Alhamisi." Basi. Na cha kuchekesha, hata lile neno "uthubutu" kwake lilikuwa linatokea hapo hapo, bosi alikuwa anaona mtu anayeogopa kuleta habari mbaya.

Kwako sijui itatoka nini. Inaweza kutoka kwamba yuko sahihi kwa moja, amekosea kwa moja, na moja ni tukio la siku moja limegeuzwa tabia. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi ndo unaenda kwake kesho Alhamisi, na usiende bila kuomba nafasi, usimvamie mlangoni. Mwandikie tu: "Bosi, naomba dakika 30 kesho. Nimeisoma fomu, kuna maneno 3 nataka niyaelewe vizuri ili nijue pa kuanzia." Usiandike zaidi ya hapo, usianze kujitetea kwenye imeili.

Ukifika usimwulize kwanini. "Kwanini umenipa 2" inamfanya ajenge ukuta na akishaujenga hatoki tena. Uliza lini na wapi. "Hapa umeandika sina uthubutu, ni kikao gani ulikuwa unakikumbuka ulipoandika hivi?" Halafu nyamaza. Hapo utasikia hamu kubwa ya kujaza ule ukimya, kusema labda ni kile kikao cha mteja, samahani kwa kile, na ukifanya hivyo umemsaidia kutunga mashtaka. Sekunde 10 za ukimya ni ndefu kama mwezi lakini zivumilie. Akikupa tukio, liandike mbele yake, hata kama linauma, hata kama hukubaliani. Akishamaliza ndo unaleta la kwako: "Kwenye kuchelewa nimehesabu hivi, naomba tuangalie wote." Unamwonyesha karatasi, humsomei hotuba. Na swali la kufunga ni hili: baada ya miezi 3 ungeona kitu gani kwa macho ndo ungesema huyu amebadilika?

Machozi yakija, yanakuja, sema "naomba dakika mbili" utoke urudi. Nimeona watu wanaogopa machozi mpaka wanaacha kwenda kabisa, wanapoteza kazi kwa kuogopa dakika mbili.

Ukitoka humo, jioni ile ile mtumie imeili fupi ya mliyoongea, bila lawama, "asante kwa muda wako, nilivyoelewa ni hivi na hivi, nirekebishe kama nimekosea". Hiyo ni kumbukumbu yako. Kama hakuweza kutoa tukio hata moja kwa neno fulani, liandike hivyo hivyo kwa adabu, "kwenye ushirikiano tulikubaliana utanipa mfano baadaye".

Tuje kwenye kusaini. Watu wanadhani kusaini ni kukiri kosa. Fomu nyingi, ukisoma ule mstari mdogo juu ya sahihi yako, zinasema kwamba umeipokea na mmeijadili, hazisemi umekubali. Kwa hiyo usome huo mstari kabla ya kalamu. Kama unasema umepokea, saini, na kwenye sehemu ya maoni ya mfanyakazi (ipo, karibu kila fomu inayo, na karibu kila mtu anaiacha wazi, mimi hiyo inaniuma sana) andika sentensi tatu au nne: unakubali nini, hukubaliani na nini, na ushahidi uko wapi. Mfano: "Nakubali ripoti 2 za mwezi wa nne zilichelewa. Sikubaliani na kipengele cha ushirikiano, sijapewa mfano wake. Nimeambatanisha orodha ya kazi na tarehe zake." Usitaje tabia ya bosi wako. Usiandike "naonewa". Mtu atakayeisoma miaka miwili baadaye hakujui wala hamjui yeye, atasoma tarehe tu. Kama mstari unasema umekubali kila kitu, basi omba uandike pembeni ya sahihi "nimepokea, maoni yangu yameambatanishwa", na ubaki na nakala yako. Kugoma kabisa kusaini sikushauri, mara nyingi wanaandika "amekataa" na mchezo unaendelea bila neno lako hata moja ndani.

Kuna hali moja inayobadilisha ushauri wangu wote. Kama alama imeshuka mara tu baada ya kurudi likizo ya uzazi, au ulikuwa mgonjwa, au ulikuwa umepeleka malalamiko juu ya mtu, hapo usisaini chochote kabla hujaongea na chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa mambo ya kazi, kwa sababu hilo limeshatoka kwenye tathmini.

Huo mpango wa miezi 3 sitakudanganya, kuna unaowekwa ili mtu apone na kuna unaowekwa ili faili lijae kabla ya kumtoa. Utaujua kwa kuusoma. Ukiandikwa "aongeze uthubutu" huo haupimiki, hata ufanye nini atakayeamua ni hisia za mtu, kwa hiyo pigania ugeuzwe kuwa kitu cha kuhesabika, mfano atawasilisha ripoti ya mwezi mbele ya timu mara 3, atatoa taarifa ya kuchelewa siku 2 kabla. Omba kikao cha dakika 15 kila wiki, na kila kikiisha andika kilichosemwa. Ukiona vikao vinaahirishwa vinaahirishwa, kazi zako anapewa mwingine, malengo uliyowekewa hakuna mwenzako anayeyafikia, basi unajua unasafiri kwenda wapi.

Ndo maana swali la kuacha kazi mi nalijibu hivi: anza kutafuta kazi kuanzia wiki hii, kimya kimya, na usiache. Vyote viwili kwa pamoja. Mwenye kazi anatafuta kazi akiwa ametulia kuliko asiye nayo, na sehemu nyingi ukiacha mwenyewe unaweza kupoteza stahili ambazo ungepata kama ungeachishwa, soma mkataba wako hapo. Baada ya miezi 3 unaweza ukawa umepata pengine, unaweza ukawa umepanda na bosi amekuelewa, na ile barua ukaikuta kwenye simu ukashangaa uliandika nini.

Wenzako ofisini usiwaambie sana. Chagua mmoja anayeweza kukwambia ukweli, umwulize kitu kimoja tu: "Kwenye vikao mimi huwa naonekanaje?" Atakayekwambia "achana naye huyo bosi, ana roho mbaya" ni rafiki lakini hajakusaidia.

Na lifti. Salimia wewe kwanza, habari za asubuhi bosi, halafu angalia namba za ghorofa zinavyobadilika kama watu wote wanavyofanya kwenye lifti. Usisahau kwamba bosi wa miezi 7 anayemaliza tathmini ya mwaka kwa dakika 20 kuna uwezekano mkubwa naye alikuwa anaogopa kukaa na wewe mle ndani, mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Na kama mko wawili tu na ghorofa bado, zile dakika 30 za kesho mwombe humo humo.